Kikunjo Changu Kwenye Waya wa Mwita

Alhamisi. Mawingu yametanda Nyambureti tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Nimeosha mikono kwa sabuni mara nyingi na bado naogopa kushika ugali.

Shajara, kazi yangu unaijua. Natengeneza miguu ya kutua ya vindege vya mashindano, vile vinavyoongozwa kwa rimoti. Ya dukani inatoka nje na bei yake inaumiza. Yangu ni waya wa tairi na magurudumu ya kandambili zilizochakaa, na vijana wa hapa wanaimudu.

Ncha ya waya naikunja mara mbili kurudi nyuma, kama mkia wa nguruwe, ili gurudumu lisichomoke. Hakuna mwingine anayekunja hivyo. Nilikuwa najivunia.

Waya ananiletea shemeji Mwita, mdogo wa mume wangu. Anachoma matairi mabovu, anatoa waya wake, ananipa bure. Juzijuzi aliniomba nimkunjie ncha za nyaya zake, eti za kufungia mlango wa zizi. Nilimkunjia rundo zima huku nikimtania kwamba zizi lake lina milango mingi kuliko ng'ombe. Alicheka sana.

Leo asubuhi kaleta furushi jipya, akawasha pikipiki na kuondoka. Nilipolifungua, katikati kulikuwa na waya uliokwisha kutumika. Umepitishwa ndani ya kikunjo changu ukawa kitanzi, ukivutwa unakaza na haulegei. Una manyoya mafupi ya kahawia yaliyogandana na damu.

Ni mtego. Nimeutengeneza mimi.

Mchana mama jirani kapita, akasema askari wa hifadhi wamekusanya nyaya nyingi porini upande wetu na wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza ni kazi ya mkono wa nani. Alisimulia kama anayesimulia habari za mahindi. Nilimkaribisha chai, nikalifunika furushi kwa kanga.

Jumamosi kuna mashindano Manchira, kando ya bwawa. Askari hao huwa hawakosi. Wanapenda kuvishika vindege na kuvigeuzageuza kabla havijaruka, na karibu vyote vinasimama juu ya miguu yangu.

Jioni hii Mwita kapiga simu.

"Shemeji, zile za zizi zimeisha. Nikunjie zingine, nitazipitia kesho."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. Nikamjibu sawa. Naichukia hiyo sawa yangu. Naogopa kufungwa, na zaidi naogopa kumwangalia mume wangu machoni siku mdogo wake atakapochukuliwa.

Plaizi nimeiweka juu ya kabati, sitamkunjia. Kitanzi nimekiacha mezani, karibu na mguu mmoja wa kindege, na hata mtoto mdogo angeona kwamba ni kazi ya mkono mmoja.

Kesho atatangulia Mwita, au watatangulia askari. Yeyote atakayefika kwanza atakikuta hapo mezani, na nitamwambia kikunjo ni changu.