Samaki Aliyetazama Ukuta

Mbarara, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa chumba changu, mguu wa kuume nimeunyoosha kwa sababu goti bado linanisumbua. Nimeanza na goti ili usije ukasema nimekuficha. Sehemu nyingine za mwili ni nzima. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Na vidole vyako? Dada Nyota aliniambia kwa simu kwamba vimekaza, na kwamba tangu mavuno hujagusa udongo, maana watu siku hizi wanataka sufuria na ndoo za plastiki tu. Sikupenda kusikia hivyo. Simu ikakatika kabla sijajibu. Ndiyo sababu jibu langu linakuja kwa karatasi, mkononi mwa mama muuza vitenge anayeshuka hadi Uvira, huko upande wenu. Nyota akusomee polepole, na asiruke mahali.

Mke wangu Furaha na watoto hawajambo. Wako kule kambini Nakivale, kwenye kiwanja chetu. Posho imepunguzwa tena, lakini maharage yalikubali mwaka huu. Mimi niko huku mjini kwa kazi, nawaendea kila mwisho wa mwezi nikiwa na sabuni na chumvi. Furaha ananiambia nimezeeka kuliko baba yake. Namwambia asubiri, bado sijamaliza.

Uliniuliza zamani kazi yangu hasa ni nini, na mimi nikajibu ni ya kubeba. Hilo ni kweli, ila sikukueleza ninabeba nini, kwa sababu niliona aibu kidogo. Mtu mzima kulipwa kwa kubeba mabakuli yasiyoliwa chakula! Leo nitakueleza, maana kuna jambo limetokea, na katika jambo hilo wewe pia umo.

Bwana wangu anaitwa Mzee Katungye. Ni Munyankore, mwenyeji wa huku, mjane, zamani alikuwa mpima ardhi wa serikali. Alinikuta sokoni nikipakua ndizi kwenye lori, akaniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninaweza kubeba kitu cha kioo bila kuuliza kina faida gani. Nikamwambia nimekulia katika nyumba ya vyungu. Akanichukua siku hiyo hiyo.

Nyumba yake haina nafasi ya kuweka mgeni. Kila ukuta una rafu, na kila rafu ina vitu vya watu waliokufa zamani. Alianza na vyombo vya kazi yake. Kuna kimoja cha shaba chenye miguu mitatu na darubini juu yake, na duara lililochorwa mistari myembamba kuliko unywele. Kwa hicho watu walipima milima wakiwa wamesimama bondeni. Kuna dira zilizosafiri ndani ya meli. Kuna mizani ndogo ambayo ukiweka unyoya wa kuku upande mmoja, inakujibu. Kuna kitu kama saa isiyojua saa. Kinapima uzito wa hewa, na mshale wake ukishuka mvua iko karibu. Siku moja ulishuka wakati jua linawaka kali, nikampigia Furaha simu aanue maharage. Majirani walimcheka. Kabla ya jioni walikuwa wanaokota yao kwenye matope. Tangu siku hiyo wananiita fundi wa mvua.

Kuna pia hadubini. Mzee aliniruhusu nitazame chochote nitakacho, nikaweka udongo wa Nakivale. Mama, ule udongo umejaa vijiwe vinavyong'aa kama chumvi, na kati yake hakuna kitu cha kuvishikamanisha. Nikajua kwa nini vyungu vya huku vinapasuka. Nilitamani uwe umeinama pale badala yangu.

Halafu kuna vyombo vya Uchina. Hapa ningependa Nyota asome mara mbili. Ni udongo, Mama, ni udongo kama ule unaokanda wewe, lakini mweupe hadi ndani. Ukiinua bakuli mbele ya dirisha, unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ukiligonga kwa ukucha linaimba, na wimbo wake unachelewa kuisha. Mimi niliyekulia kwenye majivu ya tanuru lako nilikaa chini nikawaza huyo mtu alichoma kwa kuni gani.

Vyote hivi Mzee hununua kwenye mnada. Dalali anasimama juu ya meza na nyundo yake, watu wanapandisha bei, wa mwisho anabeba. Nilidhani ni kazi ya wenye pesa kupigana. Sivyo. Mzee si tajiri, na mara nyingi hurudi mikono mitupu, akiwa na furaha kama aliyetoka harusini, kwa sababu ameona kitu kizuri na amekijua. Sijawahi kukutana na mtu anayejua kutazama namna ile. Aliniambia, "Kununua ni siku moja, mutabani. Kuangalia ni maisha." Mutabani kwa lugha yao ni kijana wangu.

Ila sasa macho yake yamefunikwa. Alitibiwa hospitali ya macho ya Ruharo, wakafanya walichoweza, na kilichobaki ni ukungu. Anaona mlango na dirisha. Samaki haoni tena.

Nikisema samaki, nina maana ya bakuli alilolipenda kuliko yote. Lina samaki mmoja wa buluu aliyechorwa kati ya majani ya maji, anatazama kushoto. Mzee husema lilitengenezwa pamoja na mwenzake, kwa sababu samaki wa namna ile hachorwi peke yake, huchorwa wawili wanaotazamana. Huyo mwenzake Mzee amemtafuta tangu ujana wake. Chini ya bakuli, kwenye kikalio, kuna alama ya kidole gumba cha mfinyanzi, palipobonyea wakati alipolichovya kwenye rangi. Kidole kile kilikuwa na kovu linalokata katikati likiinamia kushoto. Kila mara nikilifuta bakuli ninaweka kidole changu pale, na ninakumbuka alama zako tatu za ukucha, ambazo unaweka chini ya chungu ili kwenye tanuru la akina mama wote ukijue kilicho chako.

Sasa jambo lenyewe. Kulitangazwa mnada wa vitu vya nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyefariki, na katika vitu hivyo palikuwa na vyombo vya Uchina. Siku moja kabla ya mnada watu wanaruhusiwa kuvikagua. Mzee huwa havigusi, kwa sababu wanunuzi wa mji huu wanamjua. Mkono wake ukigusa kitu, bei inapanda. Kwa hiyo alikaa mbali, akapapasa cherehani mbovu kana kwamba ameipenda, na mimi nikatumwa kwenye meza ya vyombo kama mpagazi asiyejua kitu.

Nikamwona, Mama. Samaki wa buluu, majani ya maji, anatazama kulia. Nililipindua bakuli kama ulivyonifundisha, kwamba chombo husalimiwa kwa chini. Kidole kilikuwepo. Kovu lilikuwepo.

Nikaliweka bakuli chini, nikaligeuzia mgongo, nikafunga mdomo. Unajua kwa nini. Kwetu chungu kikitoka motoni hakisifiwi, wala hakitazamwi sana, mpaka kitiwe maji kinywe. Ulituchapa mimi na Nyota kwa kusifu chungu cha Shangazi Mwasi kabla hakijanywa, na kweli kikapasuka. Jambo hilo limo mwilini mwangu, silifikirii. Tena Mzee mwenyewe amenifundisha kwamba mnadani usitazame unachokitaka. Nikaona mafundisho yenu ni mamoja.

Nilipomrudia aliniuliza chinichini, "Uliona nini?"

Nikamjibu, "Tuende, Mzee."

Akaiacha cherehani, akanipa mkono nimwongoze. Nikajua amenielewa.

Kesho yake tukakaa nyuma kwenye mabenchi. Dalali akaliinua bakuli. Mzee alikuwa amekunja mikono. Bei ikaanza, watu wawili watatu, kisha akabaki mama mmoja, daktari wa meno hapa mjini. Mimi moyoni nikasema, huyu Mzee ni mwindaji, anangoja wachoke. Dalali akauliza mara ya kwanza. Mzee akapiga miayo. Nikamsifu kimoyomoyo kwa miayo ile. Dalali akauliza tena, kisha nyundo ikashuka.

Tulitoka nje. Niliogopa kuuliza, lakini nilishindwa.

"Mzee, mbona tumeliacha?"

"Kuacha nini?"

"Bakuli la samaki. Mwenzake."

Alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikatupita ikitutukana. Akaniambia, "Wewe ilisema tuende. Mimi nilielewa pale hakuna kitu."

Nikamweleza pale pale, mambo ya tanuru na ya maji na ya kugeuza mgongo. Kwa wasiwasi Kiswahili cha kwetu kilinitoka chote, "Kule fasi yetu banakatazaka, Mzee, banasema kitapasuka." Hakunikatiza. Hakunitukana pia, na afadhali angenitukana. Alishika tu mkono wangu ili nimwongoze, na tulitembea hadi nyumbani. Nikaanza kukunja nguo zangu.

Jioni aliniita. Nilimkuta amepakata bakuli lake, kidole gumba kikiwa kwenye kile kidole cha mfinyanzi. Akaniuliza kama kovu liliinamia kulia au kushoto. Nikamwambia kushoto, kama hili. Akaniuliza mama yangu anaitwa nani, na kama bado anafinyanga. Nilimjibu kwamba anaumwa vidole. Akasema, "Mama yako iko sawa. Kosa ni yangu. Miaka yote nakutuma kuangalia, sijakuuliza kwenu watu wanaangalia namna gani." Halafu akacheka peke yake. "Na mimi nilipiga miayo."

Juzi aliniambia nilifungashe bakuli lake kwenye kikapu. Nililifunga kwa maganda makavu ya mgomba, katikati nikajaza makapi ya maharage, kama unavyofunga vyungu vya kwenda sokoni, tukaenda kwa daktari. Ni mama wa makamo, mcheshi, anamwita Mzee Taata, yaani baba. Alitupa chai ya maziwa. Alisema alilipenda bakuli kwa sababu kazi yake ni kutengeneza meno, na hajawahi kuona jino jeupe namna ile. Mzee akaomba kulishika. Alilipindua, akaweka kidole chini, akafumba macho yake yasiyoona.

"Ni yeye," alisema.

Daktari aliinama. "Taata, najua unachotaka kuniomba. Siwezi kuliuza, nimelipenda. Lakini mlango uko wazi, njoo ulishike siku yoyote."

Mzee akasema, "Mpora, polepole, binti yangu. Sijaomba." Kisha akanigeukia. "Mutabani, toa ile yetu."

Nilidhani anataka tulinganishe. Nikalitoa kwenye makapi, nikaliweka mezani. Samaki wakatazamana, Mama. Nakuapia, maji yaliyochorwa kwenye bakuli moja yaliendelea kwenye la pili, jani lililokatika huku likamalizikia kule. Hata mimi niliyekatazwa na desturi nilitaka kusifu.

Mzee akapapasa ukingo wa bakuli la kwanza, halafu ukingo wa la pili, akasimama. "Basi, hii ibaki hapa."

Daktari alikimbilia mkoba wake. Mzee akamzuia, "Hapana. Hapa si mnada." Yule mama akalia. Mimi nilikunja maganda ya mgomba taratibu ili nisionekane uso.

Njiani sikuweza kuvumilia. Nikamwambia ni kitu alichokipenda kuliko vyote, na lawama ni yangu, ningekubali hata anifukuze. Akaniambia, "Mimi sioni tena. Ile samaki, tangu niinunue, ilikuwa inaangalia ukuta. Sasa inaangalia mwenzake. Nani amepoteza?"

Nimetafakari maneno hayo tangu juzi, na ninaona bado hayajaisha. Nimebeba mizigo ya watu wengi, Mama, lakini wa kwanza aliyenifanya nione fahari kuubeba ni huyu.

Sasa kwenye rafu pana nafasi tupu, kati ya dira na sahani kubwa ya maua. Niliuliza niweke nini pale. Akasema pasiwekwe kitu. Anataka chungu chako.

Usinicheke. Nilimwambia vidole vyako vimekaza. Akasema kidogo kinatosha, hata kikipinda, ila alama zako za ukucha ziwepo chini, kwa sababu atakisoma kwa kidole. Kwa hiyo nakuomba, siku vidole vikikuruhusu, ushike udongo mara moja tena. Mama wa vitenge atarudi huku kabla ya mvua. Mfungie kwa maganda na makapi, yeye anajua kubeba.

Nisalimie Dada Nyota anayekutunza, na asante kwa kusoma bila kuruka. Baba mdogo Asukulu, fundi baiskeli, mwambie ile spana yake bado ninayo. Shangazi Mwasi mwenye kinu cha muhogo, mwambie nimemsamehe viboko vya chungu chake. Kaka mkubwa na watu wake wote, na mchungaji wetu, waambie tunaomba pamoja ingawa tuko mbali.

Chungu kikinifikia, nitakipindua kwanza nikisalimie. Kisha nitakitia maji, nimwekee Mzee mikononi, na siku hiyo nitasema yote niliyonyamaza.

Ni mimi mwanao wa mgongo mgumu,

Wilondja