Alichojaza Rogath Kwenye Fomu

Stella, kaa chini kwanza. Rogath wetu wa stoo leo nusura afukuzwe kazi.

Bosi kaleta mtaalamu kutoka maofisi ya Posta mjini, kila mfanyakazi wa duka kapewa fomu ajaze: ujuzi wake upi umeandikwa, upi uko kichwani tu. Sisi tukaandika vya adabu, kupanga majora na kukagua vitenge. Rogath na moyo wake mweupe akaandika: "Bosi akimwambia mteja mzigo uko bandarini, ujue bado hajauagiza."

Kaandika, shoga. Kwa peni, na jina lake juu.

Mtaalamu akaisoma kwa sauti. Rogath macho kwenye viatu, ana watoto watatu shuleni. Bosi akasema taratibu, "Rogath, kesho usije."

Mtaalamu hana habari. "Samahani mzee, niuweke kundi gani? Nani mwingine anaujua ujuzi huu?"

Nikanyoosha mkono, sijui nilipatwa na nini. Akafuata mlinzi. Akafuata mke wa bosi pale kaunta. Halafu mlangoni, mama mmoja, mteja wa Msimbazi anayesubiri vitenge vyake tangu mwezi wa nne, naye akanyoosha wake.

Bosi akajifuta jasho. "Andika, ujuzi wa wote. Rogath, mletee mama kiti."