Bunduki Tatu za Orville

Jumatano, 18 Oktoba

Orville kapiga simu. Jumamosi msimu wa kulungu unafunguliwa, anataka bunduki zake. Nikamwambia sawa, bila shaka, jirani. Nimekata simu kabla hajaaga!

Ziko kwangu tangu Agosti, kwenye kabati la chuma. Wiki moja baada ya kumzika mkewe, Inez, alizileta mwenyewe: mbili za kuwindia, na bastola. "Zikae mbali nami kidogo, Lorna. Usiniulize." Sikuuliza. Huku Montana ndivyo tunavyofanyiana. Mtu akielemewa, jirani anamtunzia. Hakuna karatasi, hakuna serikali.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimempelekea pai ya tufaha, kisingizio cha kumchungulia. Kakonda. Nyumba safi mno. Nikamwuliza kama analala. "Umekuwa daktari lini wewe?" Tukacheka — mimi kicheko cha uongo.

Naogopa. Na naona aibu! Mwezi Machi nilisimama kwenye mkutano wa hadhara kupinga sheria ya kumruhusu jaji kumnyang'anya silaha mtu anayehofiwa kujidhuru. Raia aaminiwe, nilisema. Nikapigiwa makofi. Leo jaji ni mimi, na ushahidi sina.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimempigia sherifu, mkuu wa polisi wa hapa kwetu. Kwanza kanicheka: si wewe uliyetupigia kelele mkutanoni? Halafu akapoa. Akasema mali ni ya Orville, hajavunja sheria. Niamue mwenyewe, namjua kuliko wao.

Namjua? Miaka thelathini na mmoja. Mwaka wa theluji kubwa alichimba asubuhi nzima kunitoa ndani. Nikimnyima, nimemwambia usoni kwamba si mtu mzima. Nikimpa, akajiua?

Basi. Nitampa, na porini nitakwenda naye.

Jumamosi, 21 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi kafika. Kanyoa ndevu! Moyo ukanitulia. Nikafungua kabati, nikamkabidhi bunduki yake ya kulungu. Nikamwambia twende wote, kahawa iko kwenye chupa.

Hakuipokea bunduki. "Hiyo kaa nayo, dada. Nipe bastola tu."

Kulungu hawindwi kwa bastola. Ile imo kabatini, kwenye kisanduku chake chenye kufuli. Nikairudisha bunduki, nikafunga kabati, nikasema ufunguo wa kisanduku uko chumbani. Uongo — uko mfukoni mwangu. Naandika nimekaa kitandani, mlango nimeufunga. Sherifu simu haipokei. Orville yuko jikoni, nasikia kiti kikisogezwa. Sasa yuko mlangoni. Habishi hodi. Anauliza taratibu tu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Lorna, huniamini?"