Kitanda cha Bawaba

Makambako

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya huko Bulongwa inakuhurumia. Sisi tu wazima. Peace anakuamkia. Amejifunza kuimba kanisani, anaimba hata wenzake wakishanyamaza.

Uliuliza kama baba yake bado anahangaika na lile gari. Anahangaika, mama. Mageti ya watu yamelala karakanani. Amechukua Land Rover bovu, akalinyanyua juu lisiguse tope, sasa analichomelea nyumba mgongoni, ili wageni waende nalo Kitulo kuangalia maua na walale humo humo. Aliyeliagiza anaitwa Bonaventura, anatembeza watalii. Akiliridhia ataagiza mengine, na hili la kwanza litabaki kwetu la kuonyeshea wateja. Akilikataa, tunarudi kwenye mageti.

Jumanne iliyopita alikuja kulitazama. Ungekuwepo ungecheka. Baba Peace alikuwa ameweka jiko la kuni katikati, bomba la moshi limetokea juu, kama jikoni kwako kabisa. Bonaventura akauliza nani atapika ndani wakati watu wamesafiri kuja kukaa nje. Baba Peace akamjibu kwamba anaonekana hajawahi kulala Kitulo mwezi wa saba. Wakabishana mpaka jiko likahamia mlango wa nyuma, linavutwa kama droo.

Kisha Bonaventura akataka na kitanda cha ndani kiondoke, watu walale kwenye hema juu ya paa, ndani ibaki mizigo. Baba Peace akakubali. Mimi nilikuwa nawamiminia chai, nikajikuta nimesema hapana. Wakanitazama. Nikasema kifungwe kwa bawaba ubavuni, mchana kiwe meza, na mtu akiumwa kiteremshwe alale amenyooka. Bonaventura akasema kumbe fundi mkuu hapa ni mama Peace, ila akaridhia.

Wewe unajua kwa nini, mama. Unakumbuka masika yale nilipokuwa nakuja kwako kujifungua, pikapu ikazama kwenye tope, nami nimekaa wima kiti cha mbele na uchungu umeshika. Yule mtoto tuliyemzika, baba Peace hajawahi kumtaja. Nami sikumtaja.

Sasa nikuambie la moyoni. Nina mimba tena, imeingia mwezi wa nne. Baba Peace sijamwambia. Kila nikifungua mdomo naiona ile pikapu.

Jana akaniita nilale pale kitandani apime. Akapima urefu, akapima upana, kisha akaongeza ubao mmoja pembeni. Nikamwambia mbona nimeenea. Akasema wasafiri wengine hunenepa njiani. Alisema hivyo ameinama, anatafuta nati ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Leo jioni nitamwambia, ingawa naona atanisikiliza kama mtu aliyekwisha kujua, anasubiri tu nimalize.

Msalimie baba, na mdogo wangu Jenifa mwambie nguo za Peace alizoomba ninazo, ila aniachie zile ndogo kabisa. Tutakuja na gari hilo nijifungulie kwako, mama. Mvua ikitukuta njiani na itukute, nitakuwa nimelala.

Mwanao akupendaye,
Stella