Mashua ya Kumngojesha Kilonzo

Jumatatu, 6 Machi 1989. Kilifi

Chai mbili, mahamri manne, kisha kwenda kuiangalia mashua tena. Siku ya tatu hii. Nimegonga mbao moja moja kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Nikatikisa kichwa. Nikasema "mm." Mwenye mashua, mama mzungu mjane, akaniona mtu wa kazi. Nimemwambia nilikaa baharini miaka sita, Bombay mpaka Hamburg. Kweli tupu. Sikumwambia kwamba miaka yote sita nilikuwa jikoni namenya viazi. Hakuuliza.

Futi kumi na sita, mlingoti mmoja, tanga lina viraka viwili. Nimeinunua. Ng'ombe watatu wa kwetu wamegeuka mashua. Mke wangu Syombua hasemi nami tangu nilipowauza. Atasema siku akiona uso wa Kilonzo.

Jumanne, 7 Machi

Niandike sababu, ili nikichoka njiani nisome.

Tangu bwawa lijae, kivuko chetu cha zamani kiko chini ya maji na hospitali imebaki ng'ambo. Kijijini mwenye mashua ni mmoja tu, Kilonzo, na makasia yake. Novemba Mwaitu, mama yangu mzazi, alishikwa na kifua. Tulimbeba kwa kitanda mpaka ukingoni. Mashua ya Kilonzo imefungwa pale, naiona. Nikapiga hodi. Akafungua, akamtazama Mwaitu, akatazama maji, akasema, "Leo sivushi." Akafunga. Nilipiga mlango ule mpaka mkono ukavimba. Saa nane mchana Mwaitu alikata roho, kichwa mapajani pa Syombua.

Najua kwa nini. Wiki iliyotangulia nilimwita "nahodha wa karai" mbele ya watu, na soko zima likacheka. Kwa mzaha mmoja akaniulia mama.

Kwa hivyo mimi nitavusha kijiji kizima. Yeye nitamwacha ukingoni. Angoje mpaka miguu iote mizizi.

Alhamisi, 9 Machi. Makindu

Lori ni la Salim, Mwislamu wa Mwingi. Babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo akasahau kurudi. Springi imekatika. Tumekwama.

Tumekula chapati na dengu hekaluni kwa Masingasinga, bure. Nimeongezwa mara tatu.

Watu wamelizunguka lori. "Mzee, kwani mvua inakuja kubwa namna hii?" Mwingine: "Wewe ndiye Nuhu?" Nimewaambia ndiyo, wanyama wote nimeshapata isipokuwa nyani, na sasa naona wamekuja wenyewe. Wamecheka vizuri, watu wa Makindu. Mmoja ana meno kama ya Kilonzo. Huyo sikumchekea.

Ijumaa, 10 Machi

Bado Makindu. Mama mzungu alisema mbao zisikauke: nizifunike kwa magunia, nizimwagie maji asubuhi na jioni. Salim amenikumbusha. Nimelitazama bomba. Akina mama ishirini na madumu yao, wengine wamepanga foleni tangu alfajiri. Mimi nichote debe, nikanyweshe mbao? Mbele ya Wakamba? Wangenipiga mawe, na haki wangekuwa nayo.

Nimemwambia Salim mbao ya bahari haitishwi na jua la siku mbili.

"Haya. Wewe ndiye baharia."

Ndiyo. Mimi ndiye.

Jumatatu, 13 Machi. Nyumbani

Jana tulipita Kabati. Nilisimama ndani ya mashua, juu ya lori, mkono kiunoni. Wamenipigia makofi. Kama ingekuwa siku ya kura ningepita bila kupingwa.

Leo barabara imeisha. Lori liko kilimani, maji yako maili mbili chini. Nimekwenda kwa Mama Ndunge, mkubwa wa mwethya, kile kikundi chetu cha kazi za pamoja ambacho kila nyumba hutoa mtu mmoja. Amekubali. Jumatano.

Kutoka kilimani naliona paa la Kilonzo. Nimelitazama sana. Raha.

Jumatano, 15 Machi

Siku mbaya. Hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Walikuja watu arobaini. Magogo ya kubingirishia, kamba, wimbo. Mashua ikashuka kutoka kwenye lori kama bibi harusi. Tumevuta hatua kumi hivi nikamwona Kilonzo. Amekuja kwa zamu ya nyumba yake. Yuko nyuma kabisa, kamba begani.

Nikasimamisha wimbo. Nikasema, "Huyu atoke. Mkono wake hautagusa mashua yangu."

Kilonzo akaanza kuitoa kamba begani. Mama Ndunge akaja mpaka mbele yangu.

"Mutinda. Mwethya umeuita wewe, lakini si wako. Mtu hafukuzwi mwethyani."

"Aliniulia mama."

"Mama yako nilimwosha mimi kwa mikono hii. Usinieleze. Ukimfukuza mmoja umetufukuza wote."

Mama Ndunge akaiweka kamba yake chini. Wote wakaweka. Wakakaa kwenye nyasi, watu arobaini, wakinitazama. Mama mmoja akatoa mbaazi zake kwenye kiondo akaanza kuzipukuchua. Hata hakuna aliyenikasirikia. Hilo ndilo liliniuma.

Nikasema basi, nendeni. Wakaenda.

Sijuti.

Ijumaa, 17 Machi

Jua kali. Mashua kilimani.

Jumamosi, 18 Machi

Nimevuta na Syombua na punda wa kuazima. Hatua nne. Punda amelala chini, amekataa kuamka mpaka tulipomfungua. Huyo punda lazima ni mwanachama wa mwethya.

Jumapili, 19 Machi

Jumapili ya Matawi, na mimi sikwenda kanisani. Nilikaa kivulini mwa mashua. Mbao zinaachana. Kisu kinapita katikati, kisu kizima, mpaka mpini. Nilikuwa naisikia ikilia, ta, ta, kama mahindi kwenye kikaango.

Syombua ameleta chakula. Amesema, mara ya kwanza tangu ng'ombe:

"Unataka mashua, au unamtaka Kilonzo? Sema upesi. Kimoja kinapasuka."

Akachukua sahani akaenda. Sikuwa nimemaliza kula.

Jumatatu, 20 Machi

Nimepiga hodi mlango ule ule. Amefungua yeye. Sikusalimu.

"Kesho mwethya. Njoo."

"Nitakuja."

Basi. Maneno mengine nilikuwa nayo, mabaya, nimeyatunga tangu Novemba. Nimeyameza. 

Jumanne, 21 Machi

Imefika majini! Maili mbili, asubuhi moja, hakuna aliyeumia isipokuwa kidole cha mtu mmoja. Kilonzo alivuta kama wengine. Nimemwona akiteleza kwenye mawe akaanguka, akaamka, akaishika kamba tena. Nilitaka kufurahi. Haikuja.

Nikapanda. Nikasimama. Nikatoa hotuba fupi. Nilipofika kwenye neno "kihistoria," maji yalikuwa magotini. Mashua imezama kwenye maji ya kiuno, na mimi ndani, mkono bado uko juu. Wamecheka mpaka Mama Ndunge akakaa chini akashika mbavu.

Kilonzo hakucheka. Alisema, "Usiitoe. Iache ndani ya maji. Zimekauka mbao hizo, ziache zinywe."

Mtu huyo! Ananishauri nizamishe mashua yangu! Nikamtukana kwa tusi la Hamburg. Hakulielewa, lakini sauti aliielewa.

Halafu nikakumbuka mama mzungu na magunia yake. Nimeiacha majini. Si kwa sababu yake.

Ijumaa, 24 Machi

Tumeitoa maji kwa ndoo. Nyufa zimefunga. Ndani kavu kama mfuko wa mwalimu. Kilonzo alikuwa anasema kweli, na sijui niiweke wapi hiyo kweli.

Jumamosi, 25 Machi

Leo. Siku yangu.

Upepo mkali tangu asubuhi. Tanga nimejifunza kwa kukosea. Nilielekeza kaskazini, tukafika mashariki, nikawaambia abiria kwamba mabaharia wenyewe ndivyo wanavyokwenda. Wamepanda kijiji kizima. Mashua ya Kilonzo imefungwa, makasia ndani. Na mwenyewe akaja ukingoni, amevaa koti, ameshika mfuko. Anataka ng'ambo. Binti yake amejifungua huko. Anangoja kwenye foleni yangu kama mtu yeyote.

Zamu yake ilipofika nikasema, "Leo sivushi."

Nikasukuma mashua, nafasi zikiwa tupu. Nilipita mbele yake polepole. Nikampungia mkono. Tamu! Tamu kuliko asali ya Tseikuru.

Safari ya pili alikuwa bado amesimama. Nikampungia tena. Ilikuwa tamu kiasi.

Safari ya tatu sikumtazama. Abiria nao hawakuwa wakinitazama mimi. Walikuwa wanaangalia maji. Alisimama mpaka jua likapoa, halafu akaenda na mfuko wake.

Nilifikiri nikirudi nyumbani nitaimba.

Jumapili, 26 Machi

Pasaka. Kanisani. Mahubiri marefu. Sikusikia.

Jumatatu, 27 Machi

Alikuja tena, mapema, mfuko ule ule. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikasema panda. Akapanda, akashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe.

Katikati ya bwawa upepo ukafa. Tanga likalegea. Tukakaa.

Akasema bila kunitazama. Wiki ile ya Novemba, kabla ya Mwaitu kuugua, upepo ulimwangusha majini akiwa peke yake. Alining'inia kwenye mashua yake mpaka ikafika kwenye matope. Hajui kuogelea. Siku tulipomleta Mwaitu kulikuwa na upepo. Alipoyaona mawimbi miguu yake ilikataa. Alikaa nyuma ya mlango, akanisikia nikipiga, mwanzo hadi mwisho.

"Ungeniambia tu," nikasema.

"Wewe? Ungenicheka."

Kweli. Ningemcheka. Jambo hilo ningelipeleka sokoni, na kulikoroga, na kuliongezea chumvi.

Nimemwambia sijamsamehe. Akasema anajua. Nikachukua kasia, nikavuta kidogo, nikapumzika. Kumetulia sana pale katikati. Unasikia ng'ombe wa pande zote mbili.

Baadaye akaniuliza kama mimi, mtu wa bahari, ninaweza kumfundisha kuogelea. Palepale tu, kwenye maji ya kiuno.

Nikavuta kasia mara mbili tatu. Halafu nikamwambia: mimi pia sijui. Miaka sita, na sijawahi kuingia majini.

Hakucheka.