Fuga Isiyomalizwa

Musaga, Bujumbura
Tarehe 7 Machi 1999

Mpendwa Mama mdogo Spéciose,

Hujambo huko Kigoma? Miguu bado inakuvimba? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Usiku bunduki zinalia milimani, asubuhi tunakwenda kazini.

Ndoa ni tamu, Mama! Xavier wangu ananishika mkono hadi sokoni, watu wanatucheka. Parokia imemwazima kinanda cha kukanyaga, na kila alasiri ananipigia muziki wa Kibaroko, wa Ulaya ya kale: kwanza sarabanda, ngoma ya kucheza polepole, kisha fuga. Katika fuga sauti moja huanza peke yake, ya pili huifuata na wimbo uleule, na mwishoni zote hufika pamoja. Nilimwambia, ndivyo ulivyonifuata mimi!

Fuga anayoipenda kuliko zote aliitunga mwenyewe seminarini, hakuiandika popote. Yeye alipiga sauti ya kwanza, na mwanao Sylvère akapiga ya pili kwa mluzi. Wawili hao tu ndio walioijua. Unakumbuka walivyogombana barazani kwako, maana Sylvère aliingia mapema kila mara? "We Sylvère, ngoja zamu yako!" Naye akicheka: "Mi siwezi kungoja."

Sasa kaa chini kwanza, Mama. Tangu Sylvère achukuliwe pale bariyeri, kizuizini barabarani, huu mwaka wa tatu, Xavier hakuigusa fuga ile. Baada ya harusi nilimbembeleza, akaipiga. Sauti ya pili ikaingia kwa mluzi, kutoka nyumba iliyo nyuma yetu. Iliingia mapema.

Nyumba ile haina mtu, hata mabati yaling'olewa. Tulikwenda kutazama. Majani yamesimama wima, hayajakanyagwa, na buibui amefuma mlango mzima.

Nilidhani ni masikio ya wapenzi tu. Lakini jirani yetu Mama Huseni aliniita uani: "We bibi-arusi, mumeo ana mikono mingapi? Mi nasikia mitatu, na mmoja unapiga mluzi!" Nikacheka naye, kisha nikaingia ndani nikajifunika kitenge hadi kichwani.

Nikiwa na Xavier siogopi sana. Kinachonichoma ni wewe, unayeuliza habari za mwanao katika kila barua. Sijui kama hii ni habari ya mtu aliye hai. Nimeogopa kukupa tumaini, nikaogopa zaidi kukuficha.

Xavier anaapa ni Sylvère. Kila siku, pale sauti zote zinapotakiwa kufika pamoja, anaondoa mikono, na mluzi hukatika hapohapo. Nilimwuliza kwa nini hamalizi. Akaniambia, "Prudence, nikimaliza ataondoka."

Barabara ikifunguka, njoo, Mama. Wewe uliyemzaa usikilize, useme kama imalizwe. Hadi hapo tutaishia palepale kila alasiri. Yule asiyeweza kungoja, sasa anangoja.

Nisalimie Baba Pontien na Chanelle. Mungu awafunike kwa kiganja chake.

Wako akupendaye, na sasa tuko wawili tukupendao,
Prudence