Nimeshinda Rufaa, Mkono Unagoma Kutia Saini

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo ndiyo mwisho wa kurudisha fomu yangu ya mafao na mpaka sasa sijaitia saini.

Nilikuwa dereva wa malori jeshini kwa miaka kumi na tisa, mpaka siku tulipokanyaga bomu la ardhini na lori likapinduka, nikatoka na uti wa mgongo ulioumia na sikio la kushoto ambalo hata ukipuliza filimbi ndani yake sisikii, lakini miguu yote miwili ninayo, namshukuru Mungu. Baada ya kustaafishwa niliitwa mbele ya bodi ya madaktari inayopima ulemavu wa askari, nikapiga pasi shati, nikaingia, nikakuta daktari ni kanali mwenye vyeo vyake begani, akaniuliza, "Unaendeleaje?" na kabla sijafikiri visigino vimeshagongana na mdomo umeshasema, "Niko salama, afande." Akauliza mgongo, nikasema unavumilika, afande, akauliza usingizi, nikasema nalala, afande, naye akaandika nilichosema, ulemavu asilimia tano, na chini ya ishirini hupati matibabu wala malipo ya mwezi.

Mke wangu ni fundi cherehani, aliposoma barua ya majibu ya bodi alitaka kujua nilijibu nini, nikamweleza, akasema, "Mume wangu, uliitwa kupimwa au uliitwa gwaride?" Akacheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akaacha kucheka, akaandika rufaa yeye mwenyewe, na kwa miezi minane akawa anajaza daftari, siku niliyoshindwa kuinuka kitandani, siku aliyonivuta kola nisigongwe na pikipiki niliyokuwa siisikii, yote kwa tarehe.

Siku ya rufaa mwenyekiti akauliza ninaendeleaje, nikaanza kusimama, mke wangu akanishika mkanda nikarudi kitini, akasema, "Mheshimiwa, huyu atawaambia yu mzima mpaka siku ya kuzikwa. Muulizeni viatu vyake leo kavifunga nani." Nikatazama chini, nikasema, "Kavifunga mke wangu, afande. Mwaka wa pili huu." Basi mke wangu akasoma daftari lote, na mwezi uliopita majibu yametoka, asilimia sitini, mke wangu akapiga vigelegele pale pale kaunta ya ofisi ya mafao mpaka karani akasimama kutupa mkono wa pongezi.

Sasa fomu imeandikwa "mlemavu wa kudumu" na mkono unagoma, kwa sababu wenzangu wamepoteza miguu, na kwa sababu mambo ya chumbani kwangu yamesomwa mbele ya maofisa, na aliyekuwa mpishi wa kikosi chetu, ambaye mikono yake inatetemeka tangu ajali ile ile, ananiambia afadhali yeye aliyeiambia bodi yuko sawa akabaki na heshima yake. Mke wangu hasemi nami tangu Jumatatu, viatu ananifunga kimya kimya. Je, nitie saini, au niwaachie wanaostahili zaidi?

Ni mimi, Dereva

*

Kaka Dereva,

Hongera. Barua yako nimewasomea wenzangu humu ofisini na watu wamepiga makofi, kwa hiyo aliyebaki bila kushangilia ushindi wako ni wewe peke yako. Hilo linanisikitisha, na pia linanikera.

Unasema uwaachie wanaostahili zaidi. Utawaachiaje? Fungu lako ukiliacha haliendi kwa asiye na mguu, linabaki kabatini kwenye faili lenye jina lako. Haya si mashindano ya nani kaumia zaidi, wala si sadaka. Neno "mlemavu" nalo halijakufanya lolote. Kilichokuumiza ni bomu, fomu imeandika tu, tena imechelewa.

Kuhusu aibu, nakuelewa. Umefundishwa tangu ujana kwamba askari halalamiki mbele ya mkubwa. Lakini mficha uchi hazai, kaka yangu, na mkeo alisema ukweli mbele ya wenye vyeo, jambo ambalo wewe lilikushinda mara ya kwanza. Halafu unashangaa kwamba amekununia? Mwanamke ameshona nguo za watu mchana kutwa, ameandika rufaa, ameshinda, na zawadi yake ni mume anayeikodolea macho karatasi. Acha hizo.

Sasa fanya hivi. Tia saini leo kabla hujala. Toa nakala. Ipeleke kwa mkono wako na usikubali kuondoka bila risiti yenye mhuri. Hapo hapo ulizia kifaa cha kusikia na mazoezi ya mgongo, maana vyote ni haki yako. Mkeo mwambie asante kwa maneno yanayosikika, usimwachie abahatishe.

Kisha kuna huyo mpishi. Heshima ya kuogopa kushika kikombe mbele za watu ni heshima gani? Bodi ilimwandika kwa alichosema, kama ilivyokuandika wewe, na muda wa rufaa ukipita huombewa nyongeza. Nenda kamgongee mlango. Mwambie wewe ni mlemavu wa asilimia sitini, unalipwa na nchi uliyoitumikia, na umekuja kumchukua mkaandike rufaa yake.